Je, Wajua? Ghali Ni Kipande cha Kwanza

Je, wajua kwamba pini ndogo ya kushikizia nguo ndiyo iliyowafanya wasomi wa uchumi waitazame karakana kwa macho mapya? Mwaka 1776 Adam Smith wa Uskochi aliandika habari za karakana aliyoiona ikiwa na watu kumi. Mmoja alivuta waya, wa pili akaunyoosha, wa tatu akaukata, wa nne akauchonga ncha, na kadhalika, hadi kazi ya pini moja ikagawanyika hatua 18 hivi. Watu hao kumi walitoa pini zaidi ya 48,000 kwa siku. Mtu asiyezoea kazi hiyo, akiifanya peke yake mwanzo hadi mwisho, Smith aliona huenda asifikishe hata 20.

Smith alitaja sababu tatu za tofauti hiyo: wepesi wa mkono, mashine, na muda unaookolewa mtu asipolazimika kuacha kazi moja na kushika nyingine. Hii ya tatu ndiyo nitakayoishikilia leo, kwa sababu naamini imebeba siri ya viwanda kuliko ukubwa wa mashine.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani na hakuwahi kumsikia Smith. Kila Desemba, sare za shule zilipoanza kumiminika, alikunjua kitambaa tabaka juu ya tabaka, akakata mara moja, kisha akashona kola zote, halafu mikono yote, mwisho vifungo. Sketi za buluu zilimalizika zote kabla shati jeupe la kwanza halijaguswa. Nilipomuuliza sababu, alinionyesha sindano. Kutoka buluu kwenda nyeupe kulimdai atoe uzi wa juu, ajaze bobini upya, ajaribu kwenye kipande cha nguo, arekebishe mkazo, ajaribu tena. Kazi hiyo haimpatii mtu senti hata moja. Ukiigawa kwa sketi arobaini huioni. Ukiibeba kwa sketi moja, faida imekwisha.

Je, wajua kwamba njia karibu zote za kutengeneza bidhaa duniani ni majibu tofauti ya swali hilo la uzi? Anayetengeneza kimoja kimoja kwa oda hubeba maandalizi yote kila mara. Anayetengeneza kwa mafungu, kama mama, huyagawa. Anayetengeneza kwa mfululizo huyafanya mara moja, kwa gharama kubwa, kisha huomba Mungu wateja wasibadili mawazo.

Je, wajua kwamba mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, haukuwa na msumari hata mmoja? Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Na hata leo, kule Matondoni katika kisiwa cha Lamu au Nungwi, Unguja, fundi anaweza kuunda jahazi bila mchoro wa karatasi: analaza mkuku, anachagua mti uliopinda wenyewe ili utoe taruma lenye pindo hilohilo, jicho lake ndilo rula. Hakuna majahazi mawili yanayofanana kabisa. Taruma la chombo hiki halitakaa katika kile. Maandalizi ya mashine ni sifuri. Gharama yote imo katika mikono iliyojifunza kwa miaka mingi, na mikono hiyo ikizeeka bila mwanafunzi, kiwanda kimefungwa.

Wajua pia kwamba kifaa kidogo cha chombo hichohicho cha tanga, yaani kapi la kupitishia kamba, ndicho kilichozaa moja ya karakana za kwanza duniani za kutengeneza bidhaa kwa wingi kwa kutumia mashine za chuma? Manowari moja kubwa ya Uingereza ilihitaji makapi karibu elfu moja, na jeshi la majini lilikuwa likitumia kama 100,000 kwa mwaka. Pale Portsmouth, Marc Brunel, mhandisi mzaliwa wa Ufaransa, alibuni mashine, na Henry Maudslay akazitengeneza. Kila mashine ilifanya jambo moja tu: hii inatoboa, ile inachonga mfereji wa kamba, nyingine inazungushia umbo. Kufikia mwaka 1808 karakana ile ilikuwa inatoa makapi 130,000 kwa mwaka, na wanaume kumi wasio mafundi walifanya kazi iliyohitaji mafundi 110.

Hesabu hiyo hunipa furaha na huzuni kwa pamoja. Mafundi mia moja walikwenda wapi?

Je, wajua kwamba zamani bunduki ikivunjika kichocheo ulimrudia mhunzi, kwa sababu kichocheo cha bunduki nyingine hakikuingia? Mwaka 1785 Thomas Jefferson, akiwa mjumbe wa Marekani huko Paris, alitembelea karakana ya fundi wa bunduki Honoré Blanc. Alichagua vipande mwenyewe kutoka kwenye rundo, bila mpangilio, akaviunganisha, vikakubali. Sisi tunaonunua bolti ya namba 13 dukani bila kubeba nati yake mfukoni tunafaidi kazi iliyoanza pale. Katika historia nzima ya viwanda, hili la vipande kufanana nalipa uzito kuliko injini ya mvuke.

Je, wajua kwamba Waveneti walikuwa na laini ya kuunganishia karne nyingi kabla ya Ford? Mhispania Pero Tafur alipofika Venice katika miaka ya 1430 aliona merikebu ikivutwa kwenye mfereji, majengo kushoto na kulia. Dirisha hili lilitoa kamba, lile mikate, jingine silaha. Ilipofika mwisho wa mfereji, merikebu ilikuwa na kila kitu, pamoja na mabaharia wake. Aliandika kwamba zilitoka kumi kwa saa sita.

Je, wajua kwamba kiti namba 14 cha Michael Thonet, kilichotoka mwaka 1859, kilikuwa na vipande sita tu vya mbao, skrubu kumi na nati mbili? Thonet alipinda mbao kwa mvuke ndani ya kalibu za chuma, jambo lililoondoa kazi ya kuchonga na kuunga. Viti 36 vikiwa vimefunguliwa viliingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo, vikasafirishwa, vikafungwa huko viendako. Kufikia mwaka 1930 viti milioni 50 hivi vilikuwa vimeuzwa.

Na kile kiti cheupe cha plastiki ulichokalia harusini, kwenye baraza ya zahanati na msibani? Hicho hakina skrubu hata moja. Plastiki iliyoyeyuka inasukumwa kwenye kalibu ya chuma, na baada ya dakika moja hivi kiti kizima kimetoka. Lakini kalibu yenyewe hugharimu fedha za kununulia nyumba. Kiti cha kwanza ndicho nyumba. Cha laki moja ni bei ya chakula cha mchana. Ndiyo maana miundo yake ni michache mno, na kiti ulichokiona Mtwara utakikuta Kisangani.

Sasa Ford, kwani haepukiki. Je, wajua kwamba laini yake inayotembea ilichota wazo kutoka machinjioni? Huko Chicago mizoga ilining'inia kwenye reli ya juu ikapita mbele ya wachinjaji, kila mmoja akikata sehemu yake tu. Watu wa Ford waliona kwamba kitu kinachoweza kuvunjwa hivyo kinaweza kuungwa hivyo pia. Kati ya mwaka 1913 na 1914, katika kiwanda cha Highland Park, Michigan, kuunganisha chesisi moja kulishuka kutoka saa 12 na nusu hadi dakika 93. Gari la Model T lililoanza kwa dola 850 mwaka 1908 lilifika chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920.

Je, wajua kwamba wafanyakazi waliikimbia laini hiyo? Kukaza nati ileile kutwa nzima, bila kuinua kichwa, kuliwachosha roho. Mwaka 1913 Ford alilazimika kuajiri zaidi ya watu 52,000 ili abaki na wafanyakazi 14,000 hivi. Ndipo Januari 1914 akatangaza ujira wa dola tano kwa siku, zaidi ya maradufu ya ule wa awali, na zamu ya saa nane. Wapo wanaosimulia habari hii kama ukarimu wa tajiri. Mimi naisoma kama bei ambayo mwili wa mtu uliidai kwa kugeuzwa kipande cha mashine, na naona dola tano zilikuwa haki iliyochelewa.

Wengi wanajua kwamba kuanzia mwaka 1914 hadi 1925 Model T ilitoka kiwandani na rangi nyeusi tu. Wachache wanajua jinsi uzi wa buluu ulivyomfika Ford hatimaye. Mei 1927, baada ya magari milioni 15, aliamua kubadili na kutengeneza Model A. Mashine zake nyingi zilikuwa zimeundwa kwa ajili ya gari moja tu. Laini zilisimama, maelfu ya watu wakarudishwa nyumbani, na gari jipya halikuingia sokoni hadi Desemba. Karibu nusu mwaka ya kubadilisha uzi! Wakati huo General Motors walikuwa wakiuza miundo mipya na rangi tofauti tofauti.

Turudi nyumbani kidogo. Je, wajua kwa nini kanga huuzwa doti, vipande viwili vilivyofanana? Ni vazi la jozi, ndiyo, kimoja kifuani au kichwani na kimoja kiunoni. Lakini tazama upande wa kiwanda: kila rangi ya kanga hudai kichapio chake, kwa hiyo kanga ya rangi tatu ina maandalizi matatu kabla ya kitambaa kupita. Hakuna mwenye akili atakayeandaa yote hayo kwa doti mbili. Hata hivyo kanga ina hila nzuri: mji na pindo vinaweza kubaki vilevile, jina likabadilika. Unabadilisha mstari mmoja wa maneno na umepata kanga nyingine yenye ujumbe mwingine kwa wifi au jirani. Wataalamu wa viwanda huuita mstari kama huo kipande kinachobadilishika na kulisifu wazo hilo makongamanoni. Kina mama wa pwani wanalivaa.

Mkate wa boflo nao ni wa mafungu: unga unakandwa pamoja, unaumuka pamoja, unaingia tanurini pamoja. Ukisahau chumvi, umesahau kwa mikate mia mbili.

Hapo ndipo ulipo ubaya wa fungu. Mwaka mmoja mama alikosea kipimo cha kola kwa nusu inchi, na kwa kuwa alikuwa amekata tabaka kumi kwa mpigo, kola zote kumi zilikuwa na kosa lilelile. Aligundua jioni, kazi yote imekwisha. Sikumbuki alisema nini. Nakumbuka alizifumua usiku kucha kwa taa ya kandili.

Je, wajua kwamba kampuni ya magari ya Toyota chimbuko lake ni mashine ya kufuma iliyokataa makosa ya namna hiyo? Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, alikua akimwona mama yake akifuma. Mashine yake ya mwaka 1924 ilisimama yenyewe uzi ulipokatika, badala ya kuendelea kufuma nguo yenye dosari, hivyo mtu mmoja akaweza kuangalia mashine nyingi. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilikubali kulipa pauni 100,000 kwa haki za ubunifu huo. Mwanawe Kiichiro ndiye aliyeingia kwenye magari. Wazo la baba lilihamia huko: mfanyakazi yeyote wa Toyota, hata aliyeajiriwa jana, anaweza kuvuta kamba kuita msaada, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati laini inasimama. Ninapoulizwa tofauti ya Ford na Toyota, sitaji roboti. Naitaja kamba hiyo, maana anayeishika anaaminiwa kuwa ana macho na akili.

Je, wajua kwamba Taiichi Ohno, aliyeujenga mfumo wa utengenezaji wa Toyota, alijifunza jambo kubwa kutoka kwa duka la kujihudumia? Rafu hujazwa pale tu mteja anapochukua kitu. Vivyo hivyo kiwandani: asiyehitaji kipande asiletewe, kadi ndogo ndiyo iite kipande kingine. Stoo ikapungua, mtaji uliolala ukaamka. Mwenye kioski anayenunua trei ya mayai baada ya kuona ya jana imekwisha anaufahamu mfumo huu kwa moyo, ingawa kwake sababu ni uhaba wa mtaji.

Ila Ohno asingefika popote kama kubadilisha kalibu kungebaki kazi ya nusu siku. Mwaka 1969 mashinikizo ya Toyota yenye nguvu ya tani 1,000 yalichukua saa nne kubadilishiwa kalibu, wakati Volkswagen kule Ujerumani walitumia saa mbili. Mhandisi Shigeo Shingo na wenzake walishusha hadi dakika 90. Uongozi ukasema: dakika tatu. Wakafika. Je, wajua walitumia mashine gani mpya? Hakuna ya ajabu. Walitenga kazi zinazoweza kufanyika mashine ikiwa bado inatembea, kama kuleta kalibu inayofuata, kuandaa spana na kupima urefu, wakapunguza bolti, wakasawazisha vimo vya kalibu ili kusiwe na kurekebisha. Kwa dakika tatu, fungu dogo likawa na faida sawa na fungu kubwa. Huu ndio ushindi ninaoutamani kwa kila karakana ya Gerezani, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi, kwa kuwa haudai mkopo wa benki, unadai kumtazama fundi na saa mkononi, kisha kumuuliza yeye mwenyewe kinachomchelewesha.

Je, wajua kwamba kukosa stoo kuna siku yake ya msiba? Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin mjini Kariya, Japani, kiliungua. Kilikuwa kikitengeneza karibu vali zote ndogo za breki zilizotumiwa na Toyota, na akiba iliyokuwapo ilikuwa ya saa chache tu. Viwanda vya Toyota vikasimama. Kilichookoa ni wauzaji wa vipande, hata wasiowahi kutengeneza vali, waliogawana michoro na kuanza kazi. Ndani ya siku chache magari yakaanza kutoka tena.

Je, wajua kuna viwanda ambavyo kusimama kwenyewe ni hasara? Tanuri la saruji, kama lile la kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilichoanza kazi mwaka 1966, huzunguka usiku na mchana huku udongo wa chokaa ukipikwa hadi nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi. Ukilizima, matofali yake ya ndani hupoa, husinyaa na kupasuka. Kioo cha dirisha pia: tangu kampuni ya Pilkington ya Uingereza itangaze njia yake mwaka 1959, kioo huelea juu ya bati lililoyeyuka na kutoka kama utepe usio na mwisho, miaka kwa miaka. Na wazee wa Tanga watakuambia habari za korona, mashine ya kuchakata mkonge: jani likishakatwa haliwezi kusubiri wiki, likikauka nyuzi hazitoki vizuri, na katika uzito wa jani zima nyuzi ni kama asilimia 4 tu. Hapo si mteja wala meneja anayepanga mwendo. Jani ndilo linalopanga.

Je, wajua kwamba mwaka 1942 meli ya mizigo yenye urefu wa zaidi ya mita 130 iliundwa California kwa siku nne na saa 15? Ni SS Robert E. Peary, moja ya meli 2,710 za aina ya Liberty. Ya kwanza katika kundi hilo ilichukua siku 244. Usiipokee hesabu hiyo ya siku nne bila kuuliza: vipande vikubwa vya meli vilikuwa vimechomelewa pembeni kabla saa haijaanza kuhesabiwa. Ni somo la Shingo, miaka 27 mapema.

Wajua nani anayeendesha gari lisilo na mlango wala kioo katika barabara za Nairobi? Ni dereva anayepeleka chesisi mpya kutoka kiwandani kwenda kwa wajenga bodi, kofia ngumu kichwani, upepo ukimpiga usoni. Nyuma yake hakuna kitu ila reli mbili za chuma na magurudumu. Chesisi imeunganishwa kwa laini, kwa vipande vilivyofika kwenye makasha. Bodi itachomelewa na mafundi. Viti, taa, muziki na michoro vitafuata matakwa ya mwenye matatu mmoja. Matatu moja imepitia njia tatu za utengenezaji kabla ya kubeba abiria wa kwanza, na hakuna chuo kinachoonyesha jambo hili wazi kuliko barabara ile.

Je, wajua kwamba ipo sasa njia ambayo kipande cha kwanza hakina bei kubwa kuliko cha mia? Ni uchapaji wa vitu tabaka kwa tabaka, ulioanzishwa na Mmarekani Chuck Hull miaka ya 1980. Haina kalibu. Ncha ya bomba la mafuta katika injini ya ndege iitwayo LEAP, iliyokuwa na vipande 20 vya kuunganishwa, sasa huchapwa kama kipande kimoja, na ni nyepesi kwa robo. Maganda mengi ya vifaa vya kusaidia kusikia huchapwa hivyo pia, kila moja kwa umbo la sikio la mwenyewe. Kwa ndoo za maji bado njia hii ni ya polepole mno. Kwa sikio, haina mpinzani. Iko karibu na fundi wa mtepe kuliko na Ford.

Na je, wajua kigezo cha fundi cherehani hukatwa kwenye karatasi gani? Mama alitumia mifuko ya saruji, tabaka la ndani lisilo na vumbi, kwa sababu ni karatasi ngumu isiyochanika. Alivitundika vigezo vyake msumarini, kola, mkono, mfuko, kila kimoja na namba ya shule kwa kalamu ya risasi. Baada ya ule mwaka wa kola kumi, alikata kimoja kipya akaandika juu yake kwa herufi kubwa: PIMA KABLA YA KUKATA. Bado ninacho.